Kwa Nini Chapati Zinaonana Kuliko Khanga

Mwaka jana fundi wa intaneti alipanda juu ya bati la nyumba yetu, Igogo, kisahani cha antena mkononi na misumari mdomoni. Akakizungusha kushoto, akakizungusha kulia, akachungulia simu yake, kisha akashuka taratibu kama mtu anayekuja kutoa taarifa ya msiba. "Kaka, hapa hupati kitu. Jiwe limekaa kati." Jiwe lenyewe ni kubwa kama nyumba ya ghorofa na lilikuwepo kabla ya Mwanza kuwa Mwanza. Jirani yetu, ambaye ukuta wake hauko hata hatua kumi kutoka wetu, anapata mtandao mpaka anaugawa kwa wapangaji. Na yuko mbali zaidi na mnara kuliko sisi!

Aliyekulia kwenye Jiji la Miamba haoni ajabu. Ukisimama ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga, Jiwe la Bismarck liko mbele ya macho yako. Ukizama mitaa ya ndani, nyuma ya vilima, ziwa zima linapotea kana kwamba halijawahi kuwepo. Kuonana hakuendi kwa ukaribu. Kunakwenda kwa nani amesimama katikati. Na hilo la nani amesimama katikati limezaa tawi zima la hisabati, lenye maswali ambayo ukiyasikia mara ya kwanza utadhani ni mchezo wa watoto, mpaka ujaribu kuyajibu.

Tuanze na neno grafu. Siyo ile ya sekondari, yenye mhimili wa X na mhimili wa Y. Hii ni nyepesi zaidi: nukta kadhaa, na mistari inayounga baadhi ya nukta hizo. Nukta tutaziita vipeo, mistari tutaiita viungo. Vipeo vinaweza kuwa watu na viungo vikawa undugu. Vinaweza kuwa visiwa, na viungo vikawa safari za boti. Grafu haijali kipeo umekichora wapi kwenye karatasi wala kiungo kimepinda kiasi gani. Inachojua ni nani ameungwa na nani.

Ukiwa na vitu ambavyo tayari vimekaa mahali pake, nyumba na miamba na minara, kutengeneza grafu ya kuonana ni kazi ya macho: hiki kinakiona kile, chora mstari, hakikioni, acha. Utamu unaanza swali likigeuzwa. Mtu anakupa grafu, vipeo na viungo tu, halafu anakuambia: nipangie vitu angani, kitu kimoja kwa kila kipeo, ili vile vilivyoungwa vionane na vile visivyoungwa visionane hata kidogo. Je, inawezekana? Kwa grafu zipi? Na vitu hivyo viwe na umbo gani?

Ukisema vitu viwe nukta tupu, hakuna mchezo. Tawanya nukta mia angani bila mpango na karibu hakika kila moja itaiona kila nyingine, maana nukta haina mwili wa kumziba mtu. Kwa hiyo vitu lazima viwe na upana. Pili, macho yanawekewa sheria: hakuna kutazama ovyo kila upande, ni juu na chini tu, wima, kama mvua isiyo na upepo inavyoshuka. Tatu, kuonana kunahesabika tu pale penye uwazi wenye upana fulani, hata ukiwa mwembamba kama wembe. Uzi usio na unene hauhesabiki. Sheria hii ya tatu inaonekana kama ushamba wa kitaaluma, lakini ina sababu, nami nitaigusa.

Fito

Nenda Igombe, au kijiji chochote cha dagaa kando ya ziwa, utaona chanja: fito zimelazwa juu ya miti. Sasa ziwazie fito zimelazwa moja juu ya nyingine, kama ukuta wa nyumba kabla haujakandikwa udongo, nawe umesimama pembeni unautazama. Kila ufito ni kipeo. Fito mbili zimeungwa kama unaweza kushuka wima kutoka moja hadi nyingine bila kugonga ufito wa katikati.

Je, fito nne zinaweza kuonana zote, kila moja na kila moja? Zinaweza. Ufito wa chini uwe na urefu wa futi 4, kuanzia alama ya 0 hadi ya 4. Wa pili uanze 0 uishie 2. Wa tatu uanze 1 uishie 3. Wa juu kabisa uwe kama wa chini, 0 hadi 4. Fuatilia kwa kidole. Wa juu anamwona wa pili kati ya 0 na 1, anamwona wa tatu chini yake palepale, na anamwona wa chini kati ya 3 na 4, ambako wa katikati hawajafika. Wa tatu anamwona wa chini kati ya 2 na 3. Jozi zote sita zimetimia.

Ongeza wa tano. Utahangaika mchana kutwa. Urefushe huu, usogeze ule, daima kuna jozi moja inayobaki vipofu. Wala si kwa sababu huna akili. Mistari ya kutazamana yote ni wima, kwa hiyo haikatani kamwe. Ukizifinya fito zako zikawa nukta, umepata mchoro wa grafu ambao hakuna viungo viwili vinavyopishana njiani. Grafu ya namna hiyo huitwa grafu bapa, na grafu bapa yenye vipeo n, kuanzia vitatu, haiwezi kuwa na viungo zaidi ya 3n − 6. Kwa vipeo 5 hiyo ni 9. Watano wanaojuana wote wana viungo 10. Kimezidi kimoja tu, na hicho kimoja kinatosha kuharibu shughuli.

Basi, kila grafu bapa inapangika kwa fito? Karibu. Kuna kikwazo kidogo ambacho naona ndicho kizuri zaidi katika habari hii ya fito. Ili nikieleze, nipe kisiwa cha Ukara. Msafiri wa kivuko kutoka Ukara kuja Mwanza hupitia Bugolora, kisiwani Ukerewe. Ifute Bugolora kwenye ramani ya vivuko, na Ukara inabaki peke yake majini. Kipeo cha namna hiyo, ambacho kikiondoka grafu inakatika vipande, tukiite kipeo cha kukatia. Katikati ya miaka ya 1980 Stephen Wismath (1985), na kwa upande wao Roberto Tamassia na Ioannis Tollis (1986), walionyesha jibu kamili: grafu inapangika kwa fito ikiwa, na ikiwa tu, inaweza kuchorwa bila viungo kupishana huku vipeo vyake vyote vya kukatia vikikaa kwenye ukingo wa eneo moja, tuseme upande wa nje wa mchoro. Bugolora zote ziwe pwani, isiwepo iliyofichwa ndani. Ukilegeza masharti, ukasema walioungwa lazima waonane lakini wasioungwa wakionana kwa bahati mbaya tutafumba macho, basi kila grafu bapa inapangika bila kikwazo.

Na ile sheria ya wembe? Mwaka 1992 Thomas Andreae alionyesha kuwa ukikubali uzi usio na unene nao uhesabike kuwa kuonana, na ncha mbili za fito zikiwa kwenye mstari mmoja ziweze kuchunguliana, kuitambua grafu inayopangika kunakuwa tatizo la aina ambayo wataalamu wa kompyuta huiita NP-kamili: hakuna anayejua njia ya haraka ya kulitatua kwa kila grafu. Unene wa wembe tu ndio unaotenganisha kazi ya dakika chache na kazi isiyokwisha. Ndiyo maana nikasema sheria ile ina sababu.

Waliolishughulikia jambo hili hawakuwa wakijenga chanja. Walikuwa wanafikiria saketi za kompyuta. Ndani ya chipu, nyaya hupangwa kwa tabaka, tabaka moja nyaya za mlalo na jingine nyaya za wima, na nyaya mbili zisizohusiana zisigusane. Ufito ni kipande cha chipu kilicholazwa. Mstari wa kutazama ni waya unaoshuka. Kupanga fito vizuri ni kupanga chipu bila nyaya kugongana.

Kabla hatujaruka angani, kuna kituo kimoja cha kupita haraka. Badala ya fito weka mistatili kwenye ukuta, na uiruhusu ionane wima na mlalo. Hapo macho yana njia mbili, na uwezo unaongezeka: minane inaweza kuonana yote. Tisa haiwezi. Mistatili n ya namna hii, kuanzia minane, haiwezi kuwa na viungo zaidi ya 6n − 20. Kwa 8 unapata 28, ambavyo ndivyo viungo vya wanane wanaojuana wote, bila hata kimoja cha ziada. Kwa 9 unapata 34, wakati vinatakiwa 36.

Rundo la khanga

Sasa tupande. Vitu vyetu si fito tena bali mistatili iliyolala bapa angani, mmoja juu ya mwingine kwa urefu tofauti, kingo zote zikielekea kaskazini na kusini, mashariki na magharibi. Inatazamana wima, juu na chini. Ukisoma maandishi ya kitaalamu kuhusu jambo hili utakuta michoro ya mistatili inayoelea, nami kwa muda mrefu ilinichanganya kichwa. Siku moja nikiwa Makoroboi, kwa mchuuzi wa khanga, niligundua kuwa urefu wa kuelea hauna kazi yoyote. Kinachohesabika ni nani yuko juu ya nani. Kwa hiyo bonyeza anga lote chini mpaka mistatili ilaliane kama khanga kwenye meza. Khanga mbili "zinaonana" angani ikiwa, kwenye rundo, kuna mahali zinagusana bila ya katikati kuingilia. Tuzichukulie kuwa nyembamba na laini kiasi cha kushuka kwenye kila uwazi.

Swali basi linakuwa hili: unaweza kutengeneza rundo la khanga ngapi, zenye ukubwa wowote unaotaka, ili kila khanga iguse kila khanga nyingine?

Anza na mbili, ni rahisi. Tatu: ya katikati iwe ndogo. Tano, zile zilizoshindikana kwa fito, hapa zinaingia bila jasho. Sita, saba, kumi. Mtu anaanza kujipa moyo kuwa hakuna mwisho. Upo. Na ushahidi wa kuwa mwisho upo haudai kitu zaidi ya kuhesabu kwa vidole, kwa hiyo nitautoa wote.

Kwanza, kama kila khanga mbili zinagusana, basi lazima kuna sehemu moja ambayo imo ndani ya khanga zote. Angalia upande wa mashariki na magharibi peke yake. Itafute khanga ambayo ukingo wake wa magharibi uko mashariki kuliko wa nyingine zote, na ile ambayo ukingo wake wa mashariki uko magharibi kuliko wa zote. Hizi mbili zinagusana, kwa hiyo ukingo wa kwanza hauwezi kuupita wa pili. Kipande kilicho kati yao kimo ndani ya kila khanga. Fanya hivyohivyo kaskazini na kusini. Hapo pigilia msumari mrefu: unapita rundo zima bila kuikosa hata moja.

Pili, simama msumarini upime kila khanga inafika wapi pande nne: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Namba nne kwa kila khanga.

Tatu, chukua khanga tatu zozote, ya chini, ya katikati na ya juu. Ya chini na ya juu zinatakiwa zigusane, kwa hiyo ya katikati isiwafunike. Ya katikati itawafunika kabisa kama kwenye pande zote nne inafika angalau mbali kama ile fupi kati ya hizo mbili. Kwa hiyo lazima kuwe na upande mmoja, angalau mmoja, ambao ya katikati ni fupi kuliko zote mbili. Ukizisoma namba za upande huo kutoka chini kwenda juu zinashuka kisha zinapanda. Tuuite bonde. Kila khanga tatu lazima ziwe na bonde upande fulani.

Jaribu kuishi na upande mmoja tu. Khanga nne, kila tatu ziwe na bonde upande wa kaskazini. Kutokana na ya kwanza, ya pili na ya tatu, ya pili ni fupi kuliko ya tatu. Kutokana na ya pili, ya tatu na ya nne, ya tatu ni fupi kuliko ya pili. Haiwezekani. Kwa upande mmoja, khanga tatu ndiyo mwisho. Tunazo pande nne, basi mzigo wa mabonde unagawanywa, lakini pande nne ni pande nne. Hazizaliani.

Hapa anaingia mzee Paul Erdős na mwenzake George Szekeres. Mwaka 1935 walithibitisha kuwa ukipanga namba 5 tofauti kwa mstari, vyovyote utakavyozipanga, utazikuta tatu zinazopanda mfululizo au tatu zinazoshuka mfululizo (si lazima ziwe jirani). Namba 17 zinakupa tano. Namba 257 zinakupa kumi na saba. Namba 65,537 zinakupa mia mbili hamsini na saba. Sasa fikiria rundo la khanga 65,537. Tazama upande wa kaskazini: kuna khanga 257 ambazo urefu wake unapanda tu au unashuka tu. Kati ya hizo, upande wa kusini, kuna 17 za namna hiyo. Mashariki, 5. Magharibi, 3. Umebaki na khanga tatu zisizo na bonde upande wowote. Ya katikati inaziba. Rundo la kugusana wote limekufa.

Ni kweli 65,537 ni namba ya kutisha, na ukweli ni mdogo zaidi. Tumefanya uzembe: tulidai namba zipande tu au zishuke tu, wakati zikipanda kisha zikashuka pia hazina bonde. Ukirekebisha hilo peke yake, mlolongo 3, 5, 17, 257, 65,537 unageuka kuwa 3, 4, 7, 22, 232. Yaani khanga 232 haziwezekani. Kwa werevu zaidi kikomo kilishushwa hadi 102. Mwaka 1995 Sándor Fekete, Michael Houle na Sue Whitesides wakakishusha hadi 55. Mwaka 2008 Jan Štola alirudi kwenye mabonde yaleyale, lakini badala ya kushughulika na upande mmojammoja akazichukua namba mbilimbili kwa pamoja, akafika 50.

Na kutoka chini? Kuna mpangilio wa mistatili 22 inayoonana yote. Umo kwenye makala ya mwaka 1998 iliyoandikwa na watu kumi na mmoja. Kwa hiyo jibu liko mahali fulani kati ya 22 na 50. Mimi huwa nalifikiria pengo hili nikipita sokoni. Jambo lenyewe ni khanga mezani, hakuna fizikia ya nyota wala mashine ya mabilioni, lakini kutoka 22 hadi 50 kuna ukungu kama ule wa ziwani alfajiri.

Miraba yenye ukubwa sawa haina ukungu huo. Hapo jibu ni 7. Saba zinapangika, nane hazipangiki, kesi imefungwa.

Duara

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kikomo kinatokana na ufinyu wa anga. Hakitokani na hapo. Badilisha umbo tu uone.

Fungua hotipoti la chapati. Chapati zote za ukubwa mmoja, zimepangwa moja juu ya nyingine, lakini hazikukaa sawasawa: kila moja imesogea kidogo, huyu huku, yule kule. Fekete na wenzake, katika kazi ileile ya 1995, walionyesha kuwa maduara yenye ukubwa sawa yanaweza kupangwa yaonane yote, na idadi haina mwisho. Chapati ishirini, chapati elfu, chapati milioni, ilimradi ziwe nyembamba za kutosha (za mama ntilie wetu zisingefaa, zile ni za kushibisha). Khanga, ambazo unaruhusiwa kuzikata ukubwa wowote, zinakwama kabla ya 51. Chapati, ambazo zimelazimishwa kulingana, hazikwami.

Kwa nini? Rudi kwenye mabonde. Khanga tatu zinatafuta bonde kwenye pande nne, na zikikosa hapo hazina pengine pa kwenda. Chapati haina pande nne. Sogeza chapati moja kidogo juu ya mwenzake, na ile ya chini inachomoza pembeni kwa umbo la hilali, mwezi mwandamo mwembamba. Hilali hiyo inaweza kuelekea popote: kaskazini, kaskazini kidogo mashariki, kaskazini kidogo zaidi mashariki. Kila jozi inaweza kupewa kipande chake cha ukingo cha kuchungulia, na ukingo wa duara una nafasi zisizohesabika. Ukichukua umbo lenye pembe zilizolingana, la pande sita au pande elfu, lote likielekea upande mmoja na kwa ukubwa mmoja, kikomo kinarudi. Kinakuwa kikubwa sana kadiri pande zinavyoongezeka, lakini kipo.

Usikimbilie kuitawaza chapati, maana kuna grafu nyingine inayoiaibisha. Mfikirie mama ntilie anayewajua wateja mia, na wateja hao hawajuani kabisa wao kwa wao. Kwenye karatasi ni nukta moja katikati na mistari mia inayotoka kama miale ya jua. Hakuna grafu rahisi kuliko hiyo. Kwa khanga ni mchezo: tandika moja kubwa, panga vitambaa mia vidogo juu yake visivyolaliana. Kwa chapati za ukubwa sawa haiwezekani kabisa. Wateja walio juu ya chapati ya mama lazima wasilaliane, la sivyo watagusana. Ukipima kutoka katikati ya chapati ya mama, vituo vya chapati mbili za jirani vinaachana kwa pembe inayozidi nyuzi 60, na mduara mzima una nyuzi 360, kwa hiyo zinatosha 5, ya sita haina pa kukaa. Juu tano, chini tano. Hata ukipanga vizuri kiasi gani, wateja hawazidi kumi. Umbo linaloweza kumfanya kila mtu amjue kila mtu bila kikomo linashindwa kumpa mama mmoja wateja kumi na moja wasiojuana.

Ndiyo maana wanaofanya kazi hii hawaulizi ni umbo gani lililo bora. Wanauliza grafu gani kwa umbo gani, kila jozi kwa wakati wake, na orodha ya yasiyojulikana bado ni ndefu.

Nilimweleza mpwa wangu habari hii wakati wa likizo, tukakata miraba ya maboksi, yote ya sentimita kumi, kila mmoja na rangi yake. Kwa kuwa boksi halilainiki kama khanga, kipimo chetu ni sindano ya kushonea magunia. Unaichomeka wima kutoka boksi moja kwenda jingine. Ikifika bila kutoboa la katikati, wanaonana. Mitano ilipatikana jioni ya kwanza. Sita ilituchukua siku tatu na ugomvi mmoja. Saba inawezekana, hilo limeshathibitishwa, na mchoro ningeweza kuutafuta, lakini mpwa amenikataza. "Mjomba, ukiutazama nakwambia kabisa sikusemeshi." Rundo liko juu ya kabati sebuleni, limefungwa kwa mpira lisiteleze. Kati ya jozi 21 tumepata 20. Buluu na kijani bado hazionani, na nyekundu, iliyo katikati yao, imegoma kusogea bila kumziba njano.